Kofi la Mwenyekiti

Mwenyekiti alimpiga mdogo wake kofi siku ya Jumapili, mchana kweupe, sebuleni, mama yao akitazama. Alimpiga kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kama mtu anayetaka kuchota maji, na kikatua juu ya sikio la kushoto. Mlio wake haukuwa wa kofi la kawaida. Ulikuwa wa kupasuka, kama mfuko wa karatasi uliojazwa pumzi.

Huyo mdogo wake walimwita Hamira. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate, lakini jina halikutoka huko. Alipewa angali mtoto, kwa kuwa ukimgusa tu anaumuka. Kaka yake naye aliitwa Mwenyekiti tangu ujana, maana hapakuwa na kamati isiyomchagua: ya harusi, ya msiba, ya wazazi wa shule, ya maji ya mtaa. Alijua kusimama, kufunga kifungo cha koti na kusema "ndugu zangu" kwa namna ambayo hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

Ugomvi ulimhusu mama. Mama alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, maneno yakamkatika. Hamira ndiye aliyekaa naye katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya samani. Alimwogesha, alimpondea chakula, alimgeuza ubavu. Akienda kazini alfajiri, jirani alikuja kushika zamu mpaka alasiri. Mwenyekiti alikuwa akija mara moja moja, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, kisha anaondoka. Jumapili hiyo alikuja na shangazi yao, dada wa marehemu baba, pamoja na mke wake, kutangaza kwamba mama atahamia kwake.

"Watu wanasema," alianza. "Mtoto wa kiume nipo, nina nyumba, halafu mama analelewa uchochoroni. Hainipendezi."

"Watu gani?" Hamira aliuliza.

"Watu."

"Hao watu wanajua mama anameza dawa gani asubuhi? Wewe unajua?"

Mwenyekiti alimtazama shangazi, kana kwamba jibu alikuwa nalo yeye.

"Akibanwa na haja anaonyesha vipi? Chakula unamwekea shavu lipi? Hujui, Kaka. Unamtaka mama kama unavyotaka saa ya ukutani, wageni wakija waione."

Shangazi akatua kikombe chake. Mke wa Mwenyekiti, wifi yake Hamira, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti, na Hamira akadhani atahutubia.

Baada ya lile kofi, Mwenyekiti alisema kwa sauti tulivu kabisa, "Sikio halizidi kichwa." Kisha akamwambia mkewe wanaondoka. Kwenye kitanda chake, palepale sebuleni, mama alikuwa akitoa sauti ya koo isiyo na maneno na kupiga godoro kwa mkono wake mzima.

Shangazi hakupoteza muda kusuluhisha. Jumamosi iliyofuata aliwaita wote kwake, akawakalisha. Mwenyekiti alisema, "Kama nilikukosea, unisamehe. Hasira ni hasara." Hamira alilisikia lile "kama" vizuri, ingawa sikio moja lilikuwa limeziba kama limejazwa donge la unga. Shangazi akawashikanisha mikono.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Sikio lilikuwa linalia.

Lilianza jioni ileile ya kofi, akadhani ni mbu. Alipiga mbu ambaye hayupo, akawasha taa, akatafuta. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, wa moja kwa moja, kama birika linalochemka nyumba ya tatu na mwenyewe ametoka. Haukupanda wala haukushuka. Jirani alimwambia, "La kushoto? Hapo unasengenywa," akacheka. Hamira hakucheka. Kwenye duka la dawa walimuuzia matone. Aliyatia, yakamchoma mpaka akashika kingo za meza, na ndipo akaenda hospitali.

Daktari alichungulia kwa kile kitochi chake. "Nani alikupa matone? Ngoma ya sikio imetoboka. Usitie kitu tena, hata maji yasiingie. Tundu kama hili huziba lenyewe." Kisha akauliza, bila kumtazama, "Ulianguka?"

"Nilipigwa."

"Pole," daktari alisema, akaandika.

Aliporudi baada ya miezi miwili, tundu lilikuwa limeziba kweli. Daktari alifurahi kama fundi aliyeziba bati linalovuja.

"Na mlio?" Hamira aliuliza.

"Wakati mwingine hubaki. Utazoea."

Hamira alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido. Utazoea. Shangazi alisema yamekwisha, daktari alisema utazoea, na yule aliyempiga yuko mahali fulani, anafunga kifungo cha koti, anaongoza kikao. Yeye hana kitu cha kuzoea.

Kiwandani alipata nafuu. Feni za tanuri zilinguruma, mashine ya kukandia ilizungusha donge, trei ziligongana, na katikati ya ghasia hiyo mlio ulizama. Alianza kufika mapema kuliko zamu yake na kuchelewa kutoka. Lakini nyumbani, karakana ikishafungwa na mama akisinzia, birika lile lilichemka kichwani mwake. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Mlio ukazidi, maana sasa hapakuwa na kitu kingine cha kusikiliza. Usingizi ukawa wa vipande vipande. Akawa anagomba. Alimgombeza dereva wa gari la mikate kwa kufunga mlango wa gari. Alimgombeza jirani kwa kufagia. Kila mlio ulipomzidi aliona kiganja kile kilichokunjwa, akamjibu Mwenyekiti kimoyomoyo, maneno yaleyale, mazuri kuliko aliyoyasema siku ile, na kila alivyojibu ndivyo mlio ulivyopanda.

Siku ya kijiko ndiyo iliyomtisha. Mama alikuwa na desturi ya kugonga kikombe kwa kijiko akihitaji kitu, kwani hakuweza kuita. Alasiri moja Hamira amerudi, hajalala vizuri siku tatu, mama akagonga. Ile sauti ya kijiko ikaingia katika sikio bovu kama sindano. Mama akagonga tena. Hamira akamnyang'anya kijiko, akakivurumisha, kikagonga ukuta na kuanguka chini ya kabati.

"Basi!" alipiga kelele. "Basi, mama, basi!"

Mama akamtazama. Nusu ya uso wake ilikunjamana kwa kilio, nusu nyingine haikuweza. Mkono mzima ulikuwa bado hewani, umeshika kijiko ambacho hakipo.

Hamira alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kabati, akakitoa kijiko, akakiosha, akakirudisha. Alimwomba mama radhi mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaenda uani, akasimama kati ya kamba za nguo, akamtukana kaka yake kwa matusi ambayo hata watu wa karakana walinyamazisha misumeno wayasikilize.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akarudi hospitali na kumwambia mtu wa mapokezi kwamba haondoki mpaka aonane na mtu anayejua habari za mlio. "Usiniletee wa kuniambia nitazoea," alisema. Walimpeleka chumba cha mwisho, kwa mpima masikio.

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na fulana ya mikono mirefu iliyochakaa viwikoni. Alimwingiza katika kibanda cha kuta za sponji, akamvika vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mlango wa kibanda ukafungwa. Kimya cha humo ndani Hamira hakuwahi kukutana nacho maishani. Birika likapiga yowe. Alivumilia, akavumilia, kisha akavua vile vitu, akasukuma mlango, akatoka anahema.

"Humo siwezi. Humo kuna kelele kuliko kiwandani."

"Wengi hutoka hivyo," yule mtu alisema. "Kaa. Kunywa maji. Turudie mlango ukiwa wazi kidogo."

Walipomaliza, alimwonyesha mchoro. Sikio la kulia mstari ulikwenda sawa. La kushoto ulikwenda sawa, kisha upande wa sauti nyembamba ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Ngoma imepona," alisema. "Lakini kofi halikuishia kwenye ngoma. Ndani zaidi kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuzipeleka kwenye ubongo. Vya sauti nyembamba vimeumia. Sasa ubongo umezoea kupata habari kutoka huko, hazifiki. Unafanya kama mtu mwenye redio isiyoshika vizuri. Wewe unafanyaje?"

"Naongeza sauti."

"Na unasikia nini?"

"Mkwaruzo."

"Ndio huo mlio wako. Hakuna birika, hakuna mdudu, wala hurukwi na akili. Ubongo umeongeza sauti, unatafuta stesheni ambayo haipo."

Hamira alitazama ule mstari ulioporomoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho kitu alichofanya kaka yake. Shavu lilikuwa limepoa zamani, na kila mtu alikuwa akitazama shavu.

"Dawa?"

"Ya kuufuta sina. Na anayekuambia anayo, shika mkoba wako ukimbie. Lakini unaweza kupungua usumbufu mpaka ukasahau kama upo. Unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate."

"Ukiingia kazini unasikia harufu ya mkate?"

Hamira akafikiri. "Siku za mwanzo. Sasa hapana."

"Mkate umeacha kunukia?"

"La."

"Ubongo umeona harufu hiyo haina jipya, ukaiweka kando. Na mlio nao unaweza kuwekwa kando. Tatizo ni kwamba wako unaleta habari. Ukilia, unakuambia nini?"

Pua ilianza kumwasha Hamira kama mtu anayetaka kulia, jambo lililomkasirisha. "Unaniambia Mwenyekiti," alisema. Akamweleza yote, kofi, kifungo cha koti, "kama nilikukosea", kijiko cha mama.

Mpima masikio alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ni hasira," Hamira alisema, na sauti ikapanda. "Sema tu. Nimsamehe ndipo nipone. Kila mtu ameshasema, umebaki wewe tu."

"Nani kasema kusamehe?" Yule mtu alishangaa kweli. "Mimi napima masikio, dada yangu, mimi si shangazi yako. Mchukie kaka yako mpaka mchoke wote wawili, hainihusu. Ninachotaka ni kuvitenganisha. Ukisikia mlio, uwe mlio tu, waya ulioumia. Kaka yako mwekee saa yake."

Hamira akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko kilitoka kibaya, kama kikohozi.

Aliambiwa atupe pamba. Asikimbilie kimya, nyumbani pawe na sauti ndogo ya kitu kisicho na maana, feni, mvua iliyorekodiwa, redio ya chini chini, na sauti hiyo isiuzidi mlio, iwe chini yake kidogo ili ubongo ujifunze kuwa navyo vyote viwili. Kelele kubwa za kweli azikwepe au avae vizibo. Asiwe anausikiliza kila asubuhi kuona kama upo, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Ukimzidi, apumue polepole, atoe pumzi ndefu kuliko aliyoingiza, aendelee na kazi iliyo mkononi. Na arudi kila mwezi.

"Jambo jingine," alisema akimsindikiza. "Umeanza kugeuza shingo. Unanipa sikio la kulia. Watu wenye sikio moja bovu hufanya hivyo bila kujua, na huitikia mambo wasiyoyasikia ili wasionekane wajinga. Waambie watu wako wakae upande wako wa kulia. Usione haya."

Haikuwa kazi nyepesi, wala haikwenda kama ngazi. Kulikuwa na feni kuukuu nyumbani iliyokuwa ikilalamika bawa moja, na Hamira akaiacha usiku kucha ikizunguka. Wiki ya kwanza aliichukia. Ya tatu alilala saa nyingi mfululizo, akaamka akiwa na njaa. Halafu shangazi akapiga simu kumuuliza mbona haendi kumsalimu kaka yake, "au bado una kinyongo na lile jambo dogo," na mlio ukarudi kwa kishindo siku nne. Alitoa pumzi ndefu. Alimwekea Mwenyekiti saa yake: akitoka kazini, kutoka geti la kiwanda mpaka kona ya duka la viatu, alimchukia kwa moyo wote, midomo ikicheza, wapita njia wakimpisha. Akifika kona alijaribu kumwacha hapo. Siku nyingine alikubali kuachwa, siku nyingine alimfuata mpaka mlangoni.

Mama alirudi kugonga kikombe. Hamira alimtafutia kijiko cha mbao.

Ndipo wifi yake alipokuja kiwandani. Kijana wa Mwenyekiti alikuwa amehitimu chuo, kulikuwa na sherehe, naye wifi alitumwa kuagiza mikate na keki. Hamira alitoka na aproni yake, wakakaa nje kwenye makreti matupu, nyuma ya jengo, feni za tanuri zikivuma ukutani.

Huyu wifi alikuwa kichekesho cha familia. Ukimuuliza habari za watoto alikujibu habari za mvua. Mwenyekiti mwenyewe aliwachekesha watu kwenye hafla: "Mke wangu huyu, mwombe chumvi atakuletea chupa." Watu walianguka vicheko, naye wifi alicheka pamoja nao, kwa kuchelewa kidogo.

"Sherehe ni lini?" Hamira aliuliza, akageuza shingo amsikie kwa sikio la kulia.

Wifi naye, papo hapo, akageuza shingo. Sikio la kulia.

Wakabaki hivyo, kila mmoja ameelekeza uso pembeni, kama kuku wawili wanaotazama punje moja.

"Wifi," Hamira alisema. "Sikio lako lilianza lini?"

"Mimi? Ni la kuzaliwa. Nilizaliwa…" Alianza kukunjua na kukunja kikaratasi cha maagizo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Lako linalia vipi?"

"Kama birika."

"Langu filimbi. Kama ya mwamuzi, ila hapumziki." Alitabasamu, halafu tabasamu likamwishia usoni. "Kijana alikuwa hajaanza shule. Nilikuwa nimeunguza mchuzi."

Hamira alisimama. Alipiga kreti teke, likaenda kugonga ukuta, mwenzake mmoja akachungulia dirishani na kurudisha kichwa haraka. Alitaka kumkasirikia mtu aliye karibu, na aliye karibu alikuwa huyu.

"Ulikuwepo siku ile! Umekaa pale, kikombe mkononi! Ulijua!"

"Nilijua. Nilipousikia ule mlio wa kofi nilijua kabla hujashika shavu."

"Na ukanyamaza!"

"Nikanyamaza." Wifi hakuinamisha kichwa safari hii. "Wewe una kwako pa kukasirikia, wifi. Una mlango, unaufunga. Mimi ningekasirikia wapi? Mezani kwake?"

Hamira akakaa tena, kwenye kreti lililobaki, akahamia upande wa kulia wa wifi yake ili asikike. Alimweleza habari za mpima masikio, za redio isiyoshika, za feni. Wifi alisikiliza mdomo wazi. Miaka yote hiyo alidhani ndani ya kichwa chake kuna kitu kimefunguka, kwamba siku moja wazimu utatokea hapo hapo. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Mikate sioki," Hamira alisema mwishoni. "Kamwambie."

Mwenyekiti hakuenda kwa Hamira kuuliza kwa nini. Alikwenda kwa shangazi, na shangazi akaitisha kikao kingine. Safari hii walikuwa wanne: shangazi kwenye kiti chake kikubwa, Mwenyekiti, mkewe, na Hamira aliyekataa kuketi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," shangazi alianza, akimtazama Hamira. "Tulisuluhisha hapahapa, tukashikana mikono. Unamwaibisha mtoto wa kaka yako kwa ajili ya kofi la mwaka jana? Si nilisema? Yaliyopita si ndwele."

"Shangazi, ndwele ni nini?"

"Unanifanyia mtihani?"

"Nakuuliza. Ndwele ni nini?"

"Ni maradhi."

"Basi haya ni ndwele." Hamira alitoa ule mchoro mkobani, akauweka mezani. "Yamepimwa. Huu mstari ulioanguka ni mkono wake. Haujapona, na hautapona. Mimi najifunza kuishi nao, na ninafanikiwa, asante kwa kuuliza. Lakini msiniambie haukuwahi kuwepo. Nataka aseme. Hapahapa, mbele yako na mbele ya mke wake. Asiseme 'kama nilikukosea.' Aseme nilikupiga nikakuumiza sikio."

Mwenyekiti alisimama. Mkono ukaenda kwenye kifungo cha koti. "Ndugu zangu," alisema, "tusikuze mambo. Yaliyotokea yalitokea. Katika familia, mkubwa hurekebisha…"

"Umenirekebisha mara ngapi?"

Ni wifi aliyesema. Hakupandisha sauti. Mwenyekiti aligeuka, akacheka, akamwambia shangazi, "Mke wangu huyu amesikia jingine tena."

"Nimesikia," wifi alisema. "Nasikia kwa sikio ulilonibakizia."

Shangazi aliegemea mbele. Alimtazama yule mwanamke ambaye kwa miaka alikuwa amemcheka kwenye kila hafla, na Hamira aliona jambo likipita usoni mwa kikongwe yule, jambo la mtu anayekumbuka vicheko vyake mwenyewe kimoja kimoja.

"Ni kweli?" shangazi alimuuliza Mwenyekiti.

"Shangazi, mambo ya nyumba yangu…"

"Nimekuuliza ni kweli?"

Mwenyekiti alitazama mlango. Alitaka kufunga kifungo, akakuta kimeshafungwa. "Nyie wanawake mmepanga," alisema. "Mmekaa mmepanga." Akatoka. Injini ya gari ililia nje, likaondoka, mkewe akiwa bado amekaa kitini.

Ikumbukwe kwamba hakusema. Hajasema mpaka leo. Sherehe ilifanyika kwa mikate ya kiwanda kingine, na alihutubia vizuri, waliokuwepo walisifu. Baada ya hapo wifi alikwenda kukaa kwa dada yake, na hakurudi. Mwenyekiti anawaeleza watu kwamba Hamira amevunja nyumba yake, na wapo wanaoamini, wapo wengi, na mwaka huo kamati ya maji ilimchagua tena bila kupingwa. Hamira alipopata habari hiyo alivunja sahani mbili, kwa makusudi, uani, akazifagia mwenyewe.

Shangazi hakumwomba mtu radhi. Si tabia yake. Lakini siku ambayo wifi alipangiwa kupimwa, alitokea hospitalini bila kualikwa, na mkoba wake mkubwa, akakaa kwenye benchi la korido upande wa kulia wa wifi, akasubiri mpaka walipoitwa. Wifi alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Mpima masikio alieleza kwamba sauti za kweli zikianza kufika, ubongo wakati mwingine hupunguza kutafuta. Wifi alikivaa, akasikia feni ya ukutani, viatu vya watu, karatasi. Alilia kwa hasira, si kwa furaha kama walivyotegemea. "Vyote hivi vilikuwepo?" aliuliza. "Vyote hivi?"

Kwa Hamira, mlio upo. Kuna siku anaoka mpaka adhuhuri, anakumbuka, anatega sikio, unamjibu. Kuna siku unamwamsha na kumkalisha kitandani. Hataki kuambiwa kwamba imekuwa baraka au somo. Mtu mmoja alijaribu kumwambia hivyo kazini, akaambiwa ashike trei.

Mwenyekiti anaendelea kuja kumwona mama, kwa nadra kama zamani. Hamira hamzuii, kwa kuwa mama ni wa wote. Mara ya mwisho ilikuwa alasiri. Alibisha, akaingia na matunda, akakaa ukingoni mwa kiti. Hamira alimwekea mama mto mgongoni, akamwambia kaka yake dawa ya saa kumi ni ile ya chupa nyeupe, ampitishie shavu la kushoto, kisha akatoka uani kufua. Alikuwa amefika shuka la pili alipomsikia Mwenyekiti akimwita kutoka ndani, kwanza kwa sauti ya kikao, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ya mtu ambaye mama yake amepaliwa kidogo na yeye hajui afanyeje.

"Mwinue!" Hamira alijibu. "Mwinue mbele, umpige mgongoni taratibu. Taratibu, umesikia?"

Alisubiri, mikono ndani ya maji, mpaka aliposikia mama akikohoa vizuri na kupumua. Mwenyekiti akamwita tena, kwa upole sasa, kama mtu anayetaka kusema neno. Hamira alimsikia vizuri kabisa. Akaliinua shuka, akalikamua, akaanza kulianika.